Barua Mbili za Bi Zainamu

Mtoto huitwa kwa lugha ya jikoni. Mmemsikia shangazi yenu akiisema methali hiyo, mkacheka, eti jikoni nako kuna lugha! Ipo, na ninyi nyote mmelelewa nayo. Wekeni hizo simu chini niwaeleze ilikotokea.

Methali hii ilianzia Muheza, enzi za barua. Kwenye kibaraza cha posta alikaa Mzee Shemdoe, karani mstaafu, akiwaandikia barua wasiojua kuandika. Kila aliyefika aliulizwa swali moja: "Nikuandikie Kiswahili gani? Cha msikitini, cha posa, au cha ofisi?" Cha msikitini kilijaa dua, cha posa kilijaa mafumbo. Cha ofisi, lo! Hicho mtu alikisoma amesimama.

Bi Zainamu alikuwa na mwana mmoja tu, Singano. Miaka miwili nyuma kijana huyo aliuza mbuzi wa mama yake bila kuuliza. Mama akampiga kwa mwiko, akamwambia, "Nisikuone tena machoni pangu!" Kumbe mtoto kalishika neno. Alikwenda zake Kilosa, kwenye mashamba ya mkonge.

Sasa macho ya Bi Zainamu yalikuwa yanaingia ukungu. Hospitali walimwambia hayatamaliza mwaka. Alitaka jambo moja tu: amwone mwanawe kabla hajawa kipofu.

"Niandikie cha ofisi," alimwambia Shemdoe. Aliona ndicho chenye heshima, mtoto asije akaaibika na mama mshamba.

Shemdoe akaandika, kisha akamsomea: "Unaarifiwa kwamba unatakiwa kufika nyumbani bila kukosa kabla ya mwisho wa mwezi huu. Zingatia."

Bi Zainamu hakuelewa yote, lakini aliondoka kifua mbele.

Mwezi ukaisha. Singano hakuja, ilikuja barua. Shemdoe akaifungua, akasoma: "Barua yako imepokelewa. Suala lako linashughulikiwa. Utajulishwa."

"Nani kaandika hivyo?"

"Mwanao, Singano."

"Mwanangu hasemi hivyo! Huyo ni karani mwenzio!" Bi Zainamu akalia pale pale kibarazani, watu wakimtazama. Alijua mtoto amemfungia moyo, na macho nayo hayangoji.

Alipotulia, alijifuta kwa ncha ya kanga. "Andika tena. Safari hii andika ninavyosema mimi."

"Haya, sema."

"We Singano, una kichwa kigumu kama marehemu babako."

Shemdoe akaweka kalamu chini. "Aa, Bi Zainamu! Hiyo ni lugha ya jikoni. Haiandikwi."

"Kwani mtoto nilimlea ofisini? Andika!"

Akaandika, uso ameuinamisha kwa aibu: "We Singano, una kichwa kigumu kama marehemu babako. Mbuzi nimeshamsahau. Mwiko niliokupigia ndio huo huo nitakaokusongea ugali. Kisamvu ninatwanga mwenyewe. Macho yananiisha, mwanangu. Njoo nikuone, halafu ule."

Siku ya tisa, mchana, Bi Zainamu alikuwa akichambua mchele kwa kupapasa. Mtu akapiga hodi mlango wa uani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alimshika mashavu, akamvuta mpaka pua zikakaribia kugusana, akamtazama paji, nyusi, na kovu la kidevuni alilolipata akikwea mfenesi. Alitazama muda mrefu, machozi yakimtoka.

"Mbona ile ya kwanza hukuja?"

"Nilidhani umenishtaki kwa yule mbuzi. Nikaogopa, nikamwomba karani wa kambini anijibie. Hii ya pili, nilipofika pale kwenye mwiko, nilikusikia kabisa. Nikaanza kufunga mizigo."

"Marahaba," akasema mama, sasa ndipo akaitikia. "Kaa ule."

Singano hakurudi Kilosa. Macho ya mama yalipofuka kabla ya mwaka kuisha, kama walivyosema hospitali, lakini sura ya mwanawe alikuwa nayo, na hadi anakufa aliweza kuwaelezea watu kovu lile lilipo.

Na Mzee Shemdoe? Swali lake liliongezeka: "Cha msikitini, cha posa, cha ofisi, au cha jikoni?" Mzazi akisitasita, mzee alimjibia mwenyewe huku akichovya kalamu: "Mtoto huitwa kwa lugha ya jikoni."