Siku ya Wenye Mashoto

Kwa miaka tisa mafundi cherehani wa mtaa wa Hai Mauna, mjini Juba, walinunua nyuzi, sindano na vifungo katika duka la Nafiso, Msomali wa Garissa aliyehamia soko la Malakia mjini humo na kupafanya kwao. Walimwamini kama mizani. Kisha mwezi wa saba alipokea kutoka ng'ambo katoni za mikasi mia mbili, na mikasi hiyo ikamtia doa. Ilitafuna kitambaa badala ya kukikata. Mafundi waliirudisha mmoja baada ya mwingine, nyuso wamezikunja.

"Nafiso siku hizi anauza takataka," maneno yakazagaa sokoni. Wengine wakahamia duka jingine moja kwa moja.

Asubuhi moja Zilpah, mwalimu Mkenya aliyekuwa mteja wake, aliingia kununua utepe. Akachukua mkasi mmojawapo kwa mkono wa kushoto, akaukata utepe mara moja, chwap!

Nafiso akabaki kinywa wazi. "Mwalimu, umefanyaje?"

Zilpah naye aliukodolea macho mkasi ule. "Dada Nafiso, hii haina kasoro. Imetengenezewa sisi wenye mashoto! Sijawahi kushika mkasi wa mkono wangu tangu nizaliwe." Akafikiri kidogo. "Unajua tarehe kumi na tatu mwezi ujao ni siku yetu duniani? Tangaza redioni. Waite."

Nafiso akasita. Kwao mkono wa kushoto haukupokea hata kikombe cha maji. "Nani atakubali kujianika hadharani? Watanicheka mara ya pili."

"Kwani ukinyamaza, si wameshakucheka tayari?"

Tangazo likatoka kwa Kiarabu cha Juba na Kiswahili: mwenye mashoto aje Malakia, apewe kipande cha kitambaa bure ajaribu mkasi, na akiupenda apunguziwe bei.

Siku ilipowadia, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Hadi saa nne duka lilikuwa tupu. Kisha akaingia mama muuza mboga, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya tobe, shuka alilojitanda. Akafuata askari. Wakaja wanafunzi, wapishi wa hoteli, wauguzi. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, wakitazamana kwa mshangao kama ndugu waliopoteana.

"Na wewe pia?" waliulizana. "Wallahi, na mimi!"

Mwisho akasogea fundi Arkangelo, mzee wa miaka sitini na miwili. Nafiso alimjua vizuri: ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudisha mkasi, na siku zote alimwona akikata kwa mkono wa kulia.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ndogo, "mimi iko mtoto, hii mkono walifunga na kamba. Walisema ni mkono ya shetani. Mimi nashona miaka arobaini, na kila siku iko napigana na mkasi."

Akaupokea mkasi kwa mkono wa kushoto. Nafiso akamtandazia kitambaa mezani. Mkasi ukapita kuanzia pindo hadi pindo, umenyooka kama uzi uliovutwa, na vipande viwili vikaachana bila nyuzi kuchomoza. Mzee akautazama mkono wake kana kwamba ndiyo kwanza anautambua, machozi yakimtiririka.

"Kumbe ulikuwa unajua," akauambia.

Nafiso, aliyekuja kuuza, alijikuta akilia pamoja naye. Kabla ya adhana ya alasiri mikasi yote ilikuwa imekwisha, na mafundi waliomhama walikuwa mlangoni wakiuliza mzigo mwingine, wa mikasi ya mkono wa kulia, utafika lini. Wakati wote ule mikasi haikuwa mibovu, wala mikono ile haikuwa mibaya. Ilikuwa haijakutanishwa tu. Hakika, kila mlango na ufunguo wake.