Mbuzi Aliyewasha Taa ya Injini

Alikuwepo Muheza fundi wa magari, Zawena jina lake, aliyekuwa na mbuzi mmoja tu. Siku hiyo mbuzi alikula maua ya tajiri Shekue. Tajiri akamkamata, akamtupa kwenye buti la gari lake jipya, akaapa kumfanya supu. Hakufika mbali. Taa ya injini iliwaka, na gereji ya karibu ilikuwa ya Zawena.

"Izime upesi," aliamuru. "Na huyo mbuzi wako usimtaje!"

"Simtaji, bwana."

Zawena alilizunguka gari akilikagua, kisha akachomeka kompyuta ya kupimia chini ya usukani. Akasoma, akashika shavu.

"Makubwa! Inasema kuna mvuke unavuja huku nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Umenikataza kumtaja."

Mbuzi akalia ndani ya buti. Shekue alinusa. Kweli, kulinuka.

"Gari limejuaje?"

"Magari ya siku hizi yana pua, bwana. Mshushe tujaribu."

Shekue alimshusha mbuzi kwa pembe. Zawena akabonyeza kitufe, taa ikazimika.

"Je, nikimrudisha?"

"Itawaka tena, na mimi nitakuwa nimeshafunga gereji."

Shekue alishukuru, akaondoka mbio. Zawena alimfunga mbuzi wake kamba, kisha akanawa mikono iliyonuka petroli. Kifuniko cha tangi la petroli kilikuwa kimelegea na kuvujisha mvuke, naye alikuwa amekikaza tangu alipolizunguka gari.