Mkaguzi Tembo na Miche ya Bi Pimbi

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ile ambayo wanyama walikuwa na masoko yao na maofisa wao, aliishi mjane mmoja mdogo wa umbo, Bi Pimbi. Alikuwa na kitalu cha miche kando ya chemchemi: miparachichi, michungwa na mipapai, yote imepandwa kwenye viriba, vifuko vya magome ya mgomba, juu yake kivuli cha makuti. Kitalu hicho ndicho kilicholisha watoto wake.

Nao walikula vizuri tu, mpaka Tembo alipoteuliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Mimea.

Asubuhi moja ardhi ilitikisika. Dii! Dii! Dii! Tembo huyo langoni, na nyuma yake Nyati, askari wake.

"Shikamoo, Mkuu," alisema Bi Pimbi.

"Marahaba. Nimekuja kukagua." Tembo alinyoosha mkonga, akanusa mche wa mparachichi. "Mmh! Huu una ugonjwa."

"Ugonjwa gani, Mkuu? Mbona majani yanang'aa?"

"Hiyo ndiyo dalili yenyewe!" Akaung'oa. Nyam, nyam, nyam! "Mche mgonjwa lazima uteketezwe kabla haujaambukiza mingine."

"Uteketezwe tumboni?"

"Una swali jingine?" alinguruma Tembo. Bi Pimbi akanywea.

Basi akakagua safu nzima ya miparachichi. Akahamia kwenye michungwa, nayo ikaonekana ni migonjwa. Mipapai ndiyo ilikuwa mahututi kabisa! Pale langoni Nyati alimeza mate tu, maana mkuu wake hakuwa na desturi ya kumwachia hata jani.

Ikawa hivyo kila Tembo alipopata hamu ya kazi. Wenye vitalu wengine walifunga biashara wakahama. Bi Pimbi alibaki na miche michache aliyoificha nyuma ya nyumba. Masika yalikuwa yanakaribia, na watoto walikuwa wakinywa uji mwepesi kama maji.

"Mama, na sisi tuhame?" aliuliza bintiye.

"Tuhamie wapi, mwanangu? Tumbo lile lina miguu."

Akawaza, akawaza. Kisha akavaa kanga yake nzuri, akaenda kwa Tembo.

"Mkuu, wananchi hawajui jinsi unavyotulinda. Kwa nini usiende gulioni ukawaeleza mwenyewe?"

Tembo alivimba kwa furaha. Masikio yakapepea, pwa, pwa!

Siku ya gulio akasimama katikati ya umati. "Ndugu wananchi! Miche ya huyu Pimbi ilikuwa na ugonjwa hatari!"

Bi Pimbi akanyoosha mkono. "Unaambukiza, Mkuu?"

"Sana! Kwa kugusa tu!"

"Na aliyegusa mche mgonjwa, sheria inasemaje?"

"Awe nani, awe nani, anatengwa zizini! Anapakwa majivu, na hapewi hata jani moja hadi mvua ziishe. Sheria hiyo nimeitunga mimi mwenyewe!"

Makofi yakalia, pa, pa, pa!

"Ahsante, Mkuu," alisema Bi Pimbi kwa upole. "Sasa waambie, ile miche migonjwa iko wapi?"

Tembo akajikuna sikio kwa mkonga.

"Si aliila?" alisema ndege Kanga kutoka kwenye umati.

"Aliila! Lahaula! Aliila yote!" Umati ukarudi nyuma, puruu!

"Ngojeni, ngojeni kidogo," alisema Tembo.

"Kama ilikuwa mizima, Mkuu, sema tu," alisema Bi Pimbi. "Basi tutajua kwamba uliiba."

Tembo alitazama huku, akatazama kule. Jasho likamtoka. "Ilikuwa... ilikuwa migonjwa."

Nyati akapiga hatua mbele. Hakuwahi kuipenda kazi yake kama siku ile. "Sheria ni sheria, Mkuu. Zizini!"

Tembo akapakwa majivu kuanzia masikio hadi mkia. Chyaa! Chyaa! Akapiga chafya hadi zizi likayumba. Mvua zikaanza. Bi Pimbi akaileta ile miche aliyoificha, akaipanga karibu na zizi, upande unakotoka upepo.

Wateja wakasimama mbali. "Bi Pimbi, hii ni mizima kweli?"

"Mimi muuzaji, nikisema mtaniamini? Mwulizeni mkaguzi."

Upepo ukavuma. Harufu ya majani mabichi ikaingia zizini. Tumbo la Tembo likanguruma, gruuu! Akafumba macho, akageuka ukutani, akajaribu kuhesabu matone ya mvua. Gruuu! Mwishowe akashindwa kabisa.

"Ilikuwa mizima!" alilia. "Yote mizima! Minono, mitamu, sijaona kitalu kama kile! Nilikula kwa ulafi wangu tu! Nifungulieni, jamani!"

Hee! Wateja wakavamia miche ya Bi Pimbi, huyu anavuta, yule anasukuma. Kabla jua halijafika utosini haukubaki hata mmoja. Watoto wa Bi Pimbi wakala wali siku hiyo.

Tembo akavuliwa ukaguzi, akapewa kazi ya kubeba samadi hadi kila kitalu alichokila kiote upya. Nyati naye akajisogeza kwa Bi Pimbi, akakohoa kidogo. "Nafasi ya mkaguzi iko wazi. Mimi nafaa."

"Unafaa, baba," alijibu Bi Pimbi. "Lakini utakagua ukiwa umefungwa kikapu mdomoni."

Hadithi yangu imeishia hapo, wajukuu zangu, nayo inatufunza hivi: anayetunga sheria ili awale wenzake, ajiandae kuhukumiwa kwa sheria hiyo hiyo.