Ruhusa Moja ya Idi

Hapo zamani, si zile za majini na wafalme, hizi za juzi za vita vya Wazungu, palikuwa na meli ya mizigo, kuukuu, inakohoa kama ajuza. Mabaharia wakaiita Bibi. Ilibeba katani na sukari, na kila bandari ilifika imechelewa.

Basi Bibi ilikuwa inarudi Mombasa, na Idi kubwa ni kesho. Mabaharia watatu walikuwa watu wa Mombasa, na tangu vita vianze hawajakanyaga kwao. Nahodha akatangaza, "Amri ya vita ni hii: ruhusa ya kushuka ni ya mtu mmoja tu. Nitampa atakayestahili."

Sasa watazameni hao watatu. Shebwana, baharia wa sitahani, mvivu wa kupindukia. Asubuhi ile aliambiwa amenye vitunguu, akapanda mlingotini kujificha. Matano, mchochea moto, mbishi. Aliambiwa mchana moto uwe mdogo, adui asione moshi. Naye kwa hamu ya kufika akajaza makaa mpaka bomba likatema moshi mweusi. Mwidani, mpishi, mdokozi. Safari nzima aliwalisha wenzake wali mkavu, akiapa samli imekwisha. Kumbe debe zima kalificha chini ya magunia, zawadi ya mkewe.

Moshi ule ukaonwa. Shebwana huko juu akafumbua macho, akaona jicho la nyambizi limechomoza majini. "Nyambizi! Jamani, kushoto!"

Nahodha akageuza usukani. Moto wa Matano ulikuwa tayari mkubwa, na Bibi ikakimbia kama haijapata kukimbia. Lakini makaa yalikuwa mabovu, moto ukaanza kulala. Ndipo Mwidani aliposhuka na debe lake, analia machozi ya kweli, akalimimina tanurini. Tanuri likanguruma. Kombora la nyambizi likapita nyuma, karibu kukwangua rangi, na Bibi ikaingia chini ya ulinzi wa mizinga ya Mombasa. Meli nzima ilinukia pilau lisilokuwepo.

Nanga ikatiwa. Ugomvi ukaanza.

Shebwana akasema, "Bila jicho langu, saa hizi samaki wanatugawana."

"Jicho linaendesha meli?" akasema Matano. "Ni moto wangu!"

"Moshi wako ndio uliomwita adui!"

"Na moto wangu ndio uliotutorosha. Sasa?"

"Moto gani?" akadakia Mwidani. "Ulikuwa unakufa. Samli yangu ndiyo iliyoufufua."

"Samli yako?" wakafoka wote wawili. "Samli yetu, mwizi we!"

"Haya, yenu. Mngekuwa mmeshaila, leo ingekuwepo?"

Wakamgeukia nahodha awaamue.

Nahodha akacheka hadi akashika ukingo wa meli, kisha kicheko kikamkauka. Kila mmoja alistahili adhabu, na kila mmoja alistahili asante.

Chini, mashua ikagonga ubavu wa meli. Mwenye mashua hana habari ya nyambizi wala samli. Naye ana Idi yake. "Nani anashuka?" akaita. "Mtu mmoja tu, fanyeni hima!"

Wale watatu kila mmoja keshavaa kanzu, keshashika ngazi, na macho yote kwa nahodha. Nahodha anakuna ndevu. Nanyi mmekaa mnacheka tu! Msaidieni basi, mashua inaondoka: je, nani alistahili kushuka?