Bangili ya Bi Mwanakheri

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, kulikuwa na harusi Pangani, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo asinikatize mtu. Ilikuwa shughuli ya wanawake, baada ya alasiri. Mpiga kinanda, Msellem, kwa kuwa ni mwanamume, akawekwa nyuma ya pazia. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Pazia linasitiri, sawa, lakini linasitiri nini?

Bibi wa bi harusi, Bi Mwanakheri, aliimba ujanani, na plebeki, yaani kuchezesha midomo huku sauti iliyorekodiwa ikiimba, kwake ni wizi. Hakuwa ametoa chozi tangu amzike mumewe, mwaka wa tisa huo. Akavua bangili yake ya dhahabu, akatangaza kwamba atakayemliza kwa wimbo ndiye atakayeivaa. Kisha akakaa mbele kabisa, macho kwenye koo la mwimbaji.

Mwimbaji alikuwa Raya. Sauti ya Raya tunaijua, ya kawaida tu. Siku hiyo akafungua kinywa, ikatoka sauti nyingine kabisa, nzito, laini, ya kukushika hata kama ulikuwa na soga zako. Jirani yangu akaninong'oneza, huyu kajifunza lini? Nikamwambia tulia, hapa pana jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa kijisanduku cha Msellem. Ukikitilia faili la midi, chenyewe hakitoi sauti. Kinakiamrisha kinanda, bonyeza hiki, achia kile, na ukitaka kuushusha wimbo kutoka sauti nyembamba kwenda nzito unazungusha kitufe, kinanda kinatii. Lakini kijisanduku hichohicho hupiga pia faili la sauti, yaani mtu mwenyewe aliyerekodiwa, na huyo hashuki wala hapandi. Alivyoimba siku ile ndivyo atakavyoimba leo. Msellem alikuwa akivipiga vyote viwili pamoja.

Bi Mwanakheri hakujua midi. Alijua waimbaji. Ubeti wa pili ulipokwisha akainua mkono, akasema, "Shusheni kidogo."

Msellem, kwa mazoea, akazungusha kitufe. Kinanda kikashuka. Sauti ikabaki kulekule juu, na Raya kinywa wazi.

Haya, Raya angeweza kukimbia. Hakukimbia. Msellem akaizima ile sauti, kinanda kikaendelea chini, na Raya akauimba ubeti wa tatu kwa sauti yake ileile ya kawaida, huku watu wakiguna. Alipomaliza tukamgeukia Bi Mwanakheri. Mashavu yamelowa.

Chozi lilianza lini? Wengi wanasema ubeti wa tatu. Mimi hata bibi mwenyewe namshuku. Nadhani alikuwa ameshalia, akaagiza washushe ili tumtazame Raya tusimtazame yeye. Ukimuuliza anasema hakumbuki.

Raya akanyoosha mkono kuidai bangili. Alisema sauti ilipokwama aliyebaki na aibu mbele ya watu ni yeye, na amemaliza wimbo kwa koo lake mwenyewe.

Hapo akainuka mwanamke mmoja kutoka viti vya nyuma. Alikuwa Mgeni, mwimbaji wa zamani wa kundi hilohilo la Msellem na Raya. Mwaka juzi alipasuliwa koo, na tangu hapo hunong'ona tu. Alikuja kama mwalikwa, kula pilau. Akaichukua maikrofoni, ukumbi mzima ukanyamaza ili umsikie.

"Bibi, ile sauti ni yangu. Walinirekodi mazoezini bila kuniambia, na leo nimeisikia ikitoka kwenye kinywa cha mtu. Mimi sina nyingine."

Nyuma ya pazia Msellem akajibu taratibu. "Dada Mgeni, kweli sikukuomba ruhusa. Lakini nisingeirekodi, leo hata wewe usingejisikia tena. Nimeitunza miaka mitatu. Bila mimi hakuna ambaye angelia hapa."

Mgeni alikuwa analia, na mpaka leo sijui kama ni kwa hasira au kwa kuisikia tena sauti yake. Bi Mwanakheri akasimama na bangili yake, akamtazama Raya, akamtazama Mgeni, akalitazama lile pazia. Kisha akatugeukia sisi.

Na mimi nawageukia nyinyi, na msiinamishe vichwa. Mmoja ameitoa sauti, mmoja ameitunza kwa kuiiba, mmoja amebaki kuimba sauti ilipomkimbia. Bangili ni moja. Je, nani aivae?