Ufunguo wa Pili wa Nyamizi

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni hizi za juzi za watu kusema kupita kiasi, palikuwa na mwanamke wa Kinyamwezi aitwaye Nyamizi, mpika vitumbua. Vitumbua vyake vilikuwa laini, vina hiliki ya kutosha, na kila asubuhi watu walisongamana barazani kwake wakisukumana. Mwenyewe alikuwa mkali. Ukishika kitumbua ukataka kukirudisha, umekinunua.

Basi asubuhi moja Nyamizi aliamka, akaitazama mikono yake, akaona si yake. Vidole vyote vipo, kucha zipo, ila moyo ulimwambia mikono hii ni ya kuazima, mwenyewe atakuja kuidai. Akafunika kikaango, akakomea mlango kwa ndani, akalala akiutazama ukuta. Hakuwa amefiwa. Mumewe alikwisha kufa zamani, naye alikwisha kumlilia akamaliza. Watu wakatafuta sababu kama watu wanavyotafuta sindano iliyoanguka, kwa kukanyagana. Huyu akasema ni jini. Yule akasema moshi wa mafuta umempanda kichwani. Mwingine akasema ni maringo tu. Ulikuwa ugonjwa. Malaria hushika mwili, huu hushika moyo, na hakuna cha kuficha hapo.

Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba ikifika Ijumaa Nyamizi hajatoka, atakuja na vijana na kamba, afungwe, apelekwe kwa mganga wa ng'ambo ya bonde, ambaye wagonjwa wake hukaa wamefungwa mtini kama mbuzi wa sikukuu. Nyamizi alisikia kila neno, maana ukuta wa udongo hauna siri. Kamba aliiogopa. Lakini kuogopa ni kitu kimoja na kuinuka ni kingine.

Watu watatu hawakuikubali kamba ile.

Wa kwanza alikuwa Leokadia, mhudumu wa afya wa kijiji, msichana mpole asiyejua kuharakishwa. Alikuja kila siku na ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia mlangoni. Alipiga hodi, kimya. Akapiga ya pili, kimya. Akapiga ya tatu, kimya. Adabu inasema hodi tatu zikikosa karibu, uende zako. Leokadia hakuingia, wala hakwenda zake. Alikaa palepale akauzungumzisha mlango: kuku wake anataga juu ya kabati, shemeji yake kanunua redio haikamati chochote ila mahubiri. Hakumwambia Nyamizi ajikaze. Hakumwuliza una nini. Alipoondoka alisema, "Dada, uji uko kizingitini. Kesho nitapiga hodi tena." Uji ule siku nyingine uliingia ndani, siku nyingine ulinywewa na mbuzi.

Wa pili alikuwa Siwema, jirani yake, mpika chapati. Hawa wawili walikuwa wamenuniana tangu Siwema aliposema mbele ya wateja kwamba mafuta ya Nyamizi yamefikia umri wa kuposwa. Na mtu mliyenuniana humpigii hodi, ulimi hauinuki. Basi Siwema alijifanyia mambo yake kimyakimya. Kila asubuhi alisimama nyuma ya nyumba ya Nyamizi, akatega sikio asikie kikohozi chake. Akikisikia, alisonya, akaenda zake. Kisha alikaanga vitumbua, akawaambia wateja, hivi ni vya Nyamizi, msihamie kwingine. Vilikuwa vibaya. Kwa kimoja ungeweza kupigilia msumari.

Wa tatu alikuwa Mzee Gama, Mngoni, fundi baiskeli. Wangoni na Wanyamwezi ni watani, na mtani hapigi hodi. Mtani huingia, hula kilichoiva, hukutukana, na ukikasirika umeshindwa. Alhamisi Gama akaja na jembe, akaanza kuchimba shimo mbele ya mlango wa Nyamizi, huku akilia kwa sauti ya kutoboa masikio.

"Mtani wangu kafa, na kuku wangu hajanipa. Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka pwani bila kutua. Yeye kabeba huzuni, mzigo wake mwenyewe, kashindwa hata kuufikisha mlangoni. Mnyamwezi gani huyu?"

Sasa utani una ubaya wake: mpita njia hajui kama ni utani. Mama mmoja aliyetoka kisimani akasikia kilio, akatua ndoo, naye akalia. Waliomsikia yeye wakalia. Jua halijapanda sana, uani pana turubai, pana kuni, pana sufuria la maharage, na wanawake waliojifunga khanga viunoni wanasimulia wema wa marehemu, walewale waliosema ana jini. Nyamizi kitandani akausikiliza msiba wake. Sifa nyingi zilikuwa uongo. Kisha akasikia jembe la Gama likisogea, pu, pu, kuelekea upande wa kushoto, naye akapandwa na kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu afunge mlango. Hasira.

"Chimba upande wa pili," akasema kutoka ndani. "Hapo nimepanda mchicha."

Msiba ukavunjika. Watu walikimbia, mwingine na mwiko mkononi. Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja kutoa rambirambi za serikali, akarudi kinyumenyume akaingia shimoni mpaka kwapani. Ile kamba yake ikapata kazi: ndiyo iliyomtoa. Gama akaegemea mpini wa jembe akacheka hadi machozi ya kweli yakashika nafasi ya yale ya bandia.

"Mngoni na kuchimba wapi na wapi," sauti ikaendelea, nyembamba. "Babu zako walijua kukimbia tu."

Kijiji kizima kikasema, amepona, na kamba ya Ijumaa ikasahauliwa. Ndipo kilipokosea. Mtu kusema hakumaanishi amekula. Kesho yake Leokadia aliona amwache apumzike na kelele za jana. Gama alikuwa kilabuni anajisifu. Kila mmoja alijua mwenzake yupo. Mbuzi alikunywa uji wa jana.

Siwema akasimama nyuma ya nyumba, akatega sikio. Kikohozi hakuna. Akatega tena. Hakuna. Akashika mchi wa kutwangia, akazunguka mbele, akafungua mdomo apige hodi, hodi ikamkwama. Basi akaupiga mlango kwa mchi mpaka ukalala chini na fremu yake. Nyamizi alikuwa sakafuni, midomo imekauka, macho yanamtazama.

Siwema akageukia ukuta. Akauambia ukuta, "Mwambie huyu mwanamke afumbue mdomo, kuna maji."

Maji ya Siwema, baiskeli ya Gama, na Leokadia anakimbia kando kamshika mgonjwa asianguke, wakafika zahanati. Daktari akazungumza na Nyamizi mwenyewe, si na waliomleta, akampa dawa, akamwambia atapona, ila si leo. Leokadia akawa anamletea dawa, Gama anamletea matusi, na Siwema anatuma vitumbua. Siku moja Nyamizi akakionja kimoja, akakitema, akauliza kama kweli uchafu huu unauzwa kwa jina lake. Asubuhi iliyofuata kikaango kilikuwa motoni. Mikono ilikuwa yake.

Alipokwisha kupata nguvu, daktari akamwambia ukweli. Ugonjwa huu hupenda kurudi, kama mgeni aliyesahau kofia. Mlango mpya, uliowekwa mahali pa ule uliovunjwa, una kitasa, basi achonge ufunguo wa pili, ampe mtu mmoja. Siku Nyamizi akikataa kufungua, huyo atafungua, kwa ruhusa aliyoitoa Nyamizi akiwa mzima. Mmoja, si watatu, kwa kuwa alipokuwa na watatu kila mmoja alimtegea mwenzake, akabaki sakafuni peke yake.

Nyamizi akawaita barazani, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. Mwenyekiti naye akaja, akasema kwa kawaida funguo hukaa ofisini kwake.

"Nipe mimi, dada," akasema Leokadia. "Sikukuvunjia mlango wala heshima. Kila nilipokuja nilikuomba ruhusa, hata ulipokuwa huna sauti ya kuitoa. Hawa wawili nyumba yako wameifanya njia."

Siwema akamgeukia Gama. "Huyu Leokadia hata angepiga hodi siku ile, angeitikiwa na malaika. Mgonjwa haulizwi uji. Na mwambie mwenye nyumba, mimi nilikuwa nakijua kikohozi chake kuliko mumewe."

"Mwambieni nimesikia," akasema Nyamizi. "Na mwambieni mimi naogopa. Siku nikipitiliwa na usingizi tu, nitaamshwa na mchi?"

Gama akacheka, akasema apewe yeye. Hawa wote walikuwa wakinong'ona pembeni ya mlango kama kuna maiti ndani. Yeye ndiye aliyemlilia kama maiti ili ajue yu hai, na neno lake la kwanza alijibiwa yeye, si ndoo ya Leokadia. Siwema akasema, muulizeni mwenye nyumba, neno moja na kopo la maji, lipi lilimwinua sakafuni. Leokadia akasema, na siku akikosa nguvu ya kucheka, Mzee Gama utamchimbia nini?

Nyamizi akawatazama. Aliyakumbuka yote akiwa upande wa ndani. Hodi ya Leokadia ilimwambia kwamba nyumba bado ni yake. Matusi ya Gama yalimwambia kwamba yeye bado ni mtu, maana maiti na mwendawazimu hawataniwi. Mchi wa Siwema haukumwambia kitu. Ulifika tu.

"Nikiwa mzima namtaka mwenye hodi," akasema. "Nikiwa na huzuni namtaka mwenye matusi. Nikiwa sakafuni namtaka mwenye mchi. Lakini ufunguo ni mmoja, na siku hiyo sitakuwa na akili ya kuchagua. Nachagua leo."

Akafungua fundo la khanga, ufunguo ukamwangukia kiganjani. Mikono mitatu ikanyooka, na mmoja kati ya hiyo ulinyooshwa huku mwenyewe kageuzia uso ukutani.

Sasa ninyi mnaosikiliza: yuko aliyepiga hodi akangoja, yuko asiyejua hodi, na yuko aliyeshindwa kupiga hodi akavunja. Je, nani alistahili ufunguo? Msijibu mkiwa mmesimama barazani. Laleni kwanza upande wa ndani wa mlango, uso ukutani, halafu mseme: ni hatua za nani mngetaka kuzisikia?