Mpishi Aliyekataa Sahani ya Dhamana

Sahani ni ya watu, tumbo ni la mtu. Mmeisikia methali hiyo mchana kwa shangazi yenu Mize, pale wakwe zake walipotaka kumshindilia wali kwa mara ya tatu naye akafunika sahani kwa kiganja. Mmerudi mnaniuliza kama ile ilikuwa adabu. Ilikuwa adabu kuliko nyingi mnazozijua, na anayetaka kubisha abishe akishasikia ilikotoka. Chanzo chake ni hiki.

Katika mji wa Jambani, enzi za mama yake bibi yangu, harusi haikuwa harusi bila Bi. Mwanamvua binti Sheuya. Yeye alikuwa mpishi mkuu wa shughuli, mwenye wapishi sita chini yake na mwiko mrefu aliorithi kwa mama yake. Huo mwiko ndio uliokuwa cheo chake. Aliyeushika ndiye aliyesema moto upunguzwe au uongezwe, na hata mwenye harusi hakuthubutu kufunua sufuria bila kumwomba ruhusa.

Jambani kulikuwa na desturi moja. Zamani mpishi fulani alipakua pilau iliyolala, watu wakaharisha harusi nzima, bwana harusi akiwamo. Tangu siku hiyo wazee wakaweka sharti kwamba chakula hakitoki jikoni mpaka mpishi mkuu ale sahani nzima mbele yao. Waliiita sahani ya dhamana. Haikuwa sahani ya mchezo. Ilipakuliwa pilau ya chini ya sufuria, ile iliyokunywa mafuta, ikawekewa pande la nyama nono, pilipili za kukaanga na achari ya ndimu, kisha mpishi akateremshia kwa kahawa chungu. Akibakisha hata tonge, chakula kilihesabiwa kibovu na yeye alipokonywa mwiko.

Mwanamvua aliila sahani hiyo miaka ishirini na mitano bila kukunja uso. Alipoingia miaka hamsini, kifua kikaanza kumdai. Kila baada ya shughuli moto ulimpanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni, na maji makali yakamjaa mdomoni. Akilala ndipo yalipozidi, kwa hiyo alijifunza kusinzia ameegemea ukuta. Siku tatu alikuwa hivyo, na akipata nafuu harusi nyingine imeshafika. Hakumwambia mtu. Mpishi mwenye kiungulia alimwona sawa na fundi viatu anayetembea peku, na hakutaka watu wamcheke.

Aliyegundua ni Chausiku, mpishi aliyemfuatia kwa cheo, maana alikuwa akimwona anasimama katikati ya kazi ameshika kifua. Chausiku alikuwa na moyo mzuri na haraka nyingi. Alimletea maji ya ndimu, yakaunguza kuliko achari. Akamletea magadi yaliyoyeyushwa, yakatuliza kwa saa moja kisha moto ukarudi na nduguze. Akamletea mizizi ya mganga mmoja wa bara, na hiyo Mwanamvua aliimwaga nyuma ya nyumba, akasema mbuzi wamalizie wakipenda.

Siku hiyo alipandwa na hasira za kweli. Alimwambia Chausiku kwamba amepikia maelfu ya matumbo ya watu na yote yakashukuru, sasa iweje ashindwe kulipikia moja, tena lake mwenyewe? Akaamua kufanya anavyofanya mpishi mchuzi unapoharibika. Mpishi hamwagi kila kitu ndani kwa pamoja. Hubadilisha kimoja, akaonja, akangoja.

Basi wiki ya kwanza aliacha pilipili, akapata nafuu kidogo. Wiki ya pili aliacha kahawa, ya tatu achari na vyote vichachu, ya nne mafuta mengi. Akagundua kwamba hata chakula chema kilimuunguza akishiba kupita kiasi, au akikila kisha akajitupa kitandani. Akawa anakula kidogo kidogo, ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, samaki wa kuchoma, uji mwepesi wa mtama asubuhi. Chakula cha jioni alikimaliza kabla ya adhana ya magharibi. Mwisho akainua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali mawili, na majirani walipomuuliza akawajibu kwamba anapenda kulala mlimani.

Kifua kikanyamaza. Mwezi ukapita, na wa pili. Kilikuwa kipindi cha mavuno, hakukuwa na shughuli, naye alilala amejinyoosha kama watu wengine. Mtu aliyekosa usingizi miaka miwili akiupata tena hauachilii hivi hivi. Mwanamvua alijiapia kwamba haurudishi ule moto kifuani mwake kwa ajili ya mtu yeyote.

Ndipo ikaja harusi ya mjukuu wa Mzee Zahoro.

Mzee Zahoro alikuwa mkubwa wa wazee wa Jambani na mlinzi wa desturi zote, hata zile ambazo wenzake walikuwa wameshazisahau. Alialika watu mpaka wa ng'ambo ya mto. Jikoni wanawake walipika usiku kucha, na kulipopambazuka Mwanamvua alijua hajawahi kupika pilau iliyomkubali kama ile. Saa nne wazee wakaja kuketi kwenye mkeka mbele ya jiko. Sahani ya dhamana ikapakuliwa, ikang'aa mafuta, ikawekwa miguuni pake.

Mwanamvua aliitazama. Aliogopa, na hakuna haja ya kumsingizia ushujaa asiokuwa nao. Kama angeila, mwiko ungebaki wake na moto ungerudi. Kama angeikataa, kazi ya mama yake ingeishia hapo hapo mbele ya macho ya mji mzima, na pengine wangesema ametia sumu. Akachukua kijiko, akazunguka masufuria yote, akachota kidogo kila moja na kuonja, watu wakimwona. Kisha akarudi, akaisogeza ile sahani hadi katikati ya mkeka.

"Chakula ni kizima," akasema. "Nimekionja chote, kiko sawa. Sahani hii siili."

Mzee Zahoro akamuuliza kwa sauti ya upole, ile ya mtu asiyezoea kukataliwa, kama chakula kina kasoro.

"Hakina kasoro, mzee wangu. Kifua changu ndicho chenye kasoro. Nina kiungulia. Sahani hii nikiila leo, nyinyi mtakwenda kulala na mimi nitakwenda kuungua siku tatu. Nimeungua miaka miwili kwa kuwafurahisha. Imetosha."

Palizuka minong'ono. Mpishi mkuu, kiungulia? Mmoja wa wazee akacheka. Mwanamvua akamtazama mpaka kicheko kikamkauka.

"Desturi ni desturi, mwanangu," Mzee Zahoro akasema. "Sahani hii si yako. Ni ya watu. Wanataka kuona dhamana yao."

"Sahani ni ya watu, sikatai. Lakini tumbo ni la mtu, na hili ni langu. Kuonja ni kazi yangu na nimeifanya. Kushiba kwa amri sikuajiriwa."

Mzee akanyoosha mkono, akadai mwiko. Mwanamvua akautazama ule mti uliolainishwa na viganja vya mama yake, na machozi yakamlenga. Akautoa. Hakuinamisha kichwa. Mzee akampa Chausiku, akamwambia kuanzia sasa yeye ndiye mkuu, aketi ale.

Chausiku alikuwa ameutamani mwiko ule tangu msichana, na nyinyi nyote mngeutamani. Aliushika kitambo. Halafu akauegemeza ukutani, akasema naye tumbo lake ni lake. Wa tatu akasema hivyo hivyo, na wa nne, mpaka wapishi wote sita wakawa wamesimama mikono nyuma. Nje wageni walishaanza kuulizana chakula kiko wapi. Harufu ya pilau ilikuwa imefika mpaka barabarani, na hakuna kinachomtia mgeni hasira kama harufu isiyofuatwa na sahani.

"Kama mji unataka dhamana ya sahani nzima," Mwanamvua akasema, "na aile anayeitaka."

Mzee Zahoro alikuwa na kiburi, na kiburi hakijui kukaa kimya. Akakunja mkono wa kanzu, akaketi, akaanza kula. Tonge la kwanza hadi la tano alikula kama kijana. Baada ya pande la nyama akapunguza mwendo. Alipofika kwenye achari jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Akanywa kahawa funda moja, akatua kikombe, akaweka kiganja juu ya kifua, na Mwanamvua akautambua mkono ule. Alikuwa ameuweka mwenyewe hapo hapo mara zisizo na idadi.

"Tangu lini, mzee wangu?" akauliza taratibu.

Mzee akatazama huku na huku. Kila mtu alikuwa akimwangalia. Mwishowe akasema, "Mwaka wa nne huu. Nikilala napanda nacho, nikiamka nashuka nacho. Nimekunywa mizizi mpaka nimechoka." Akainua macho. "Wewe umefanya dawa gani mpaka ukalala?"

"Ziko nyingi na nitakwambia zote," Mwanamvua akasema. "Lakini ya kwanza ndiyo ngumu. Sukuma hiyo sahani."

Mzee akaitazama. Ilikuwa imebaki nusu, wazee wenzake wanne wako ubavuni, na desturi yote ya Jambani iko mkononi mwake. Akaisukuma.

Kisha akajiinua kwa shida, akaenda ukutani, akachukua mwiko na kuurudisha mwenyewe kwa Mwanamvua. Akawageukia wenzake akawaambia chakula kitoke, mpishi ameshaonja. Pilau ikaliwa mpaka ukoko, na hakuna mgeni aliyeumwa.

Wapo waliosema mpaka wanaingia kaburini kwamba siku ile Mwanamvua alimvunjia mzee heshima, na nyumba mbili tatu hazikumwita tena. Aliwaacha waseme. Alipika miaka kumi na mmoja zaidi, akaonja kwa kijiko, akala ndizi zake kwa wakati wake.

Basi mwenyeji akiwakaribisha, mshukuruni, msifieni mkono wake, mle kinachowatosha. Akinuna, anune. Atakayekesha ameegemea ukuta si yeye. Sahani ni ya watu, tumbo ni la mtu.